Sura ya Nne: Kuuliza Kabla ya Kusema

Semina za Green Belt Movement, shirika lililoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya, hazikuanza kwa kuzungumzia mti. Zilianza kwa kuzungumzia shida. Washiriki, wengi wao wakulima wa vijijini, waliombwa wataje yanayowasumbua, nao walitaja bila kusita: kuni zinafuatwa mbali, mto umekauka, shamba halizai, watoto hawashibi, vijana hawana kazi. Kila shida iliandikwa mbele ya wote. Orodha iliporefuka likaja swali la pili: haya yote yametoka wapi? Hapo vidole vilielekezwa nje, na hasa serikalini. Wangari hakuwabishia, maana yeye mwenyewe aliiona serikali kuwa na makosa mazito. Ila alikuwa na swali la tatu: na sisi wenyewe je?

Ndipo alipotoa mfano wa basi. Abiria akipanda basi lisilo lake atafika asikokusudia, na njia nzima atakuwa na taabu. Huenda hakuuliza kabla ya kupanda. Huenda aliuliza akapotoshwa, au hakuweza kusoma kibao. Huenda alikwisha kugundua kosa lake lakini anaogopa kumwambia dereva asimamishe. Mfano huo haukumtaka mtu awe na elimu ya misitu ili auelewe, kwa kuwa basi kila mtu amelipanda. Na aliyeuelewa hakuhitaji kuambiwa afanye nini. Alijua kwamba abiria aliyepotea hana budi ashuke, kisha atafute basi la kumfikisha aendako.

Nimeianza sura kwa semina hiyo kwa sababu imebeba jambo kuu ninalotaka msomaji alishike. Wanaharakati wengi wa mazingira huamini kwamba jamii haina habari, kwa hiyo kazi yao ni kupeleka habari. Jamii inazo habari. Mvuvi anajua samaki wamepungua kabla ya mtafiti yeyote kufika na daftari lake. Mama anajua chemchemi imekauka, kwa sababu ndoo iko kichwani mwake. Kinachokosekana mara nyingi ni kiungo kati ya shida anayoiona na chanzo asichokiona, na kati ya chanzo hicho na kitu anachoweza kukifanya kesho asubuhi. Kiungo hicho hakifungwi kwa hotuba. Mtu hukifunga mwenyewe, akisaidiwa na swali zuri.

Lugha ya maharage

Wangari alikuwa na kila sababu ya kusema kwa lugha ya kitaalamu. Mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, na alifundisha anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini wazo la kupanda miti lilimjia kwa kusikiliza. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakieleza wanachokosa: kuni, maji safi, chakula bora, kipato. Aliyaweka malalamiko hayo pamoja akaona yana mzizi mmoja, yaani ardhi iliyovuliwa miti. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miti saba ya kwanza ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi.

Baadaye wanawake walihitaji kujifunza kuotesha miche, wakaletewa wataalamu wa misitu. Wataalamu walizungumzia mteremko wa ardhi, pembe ya mwanga wa jua, kina cha kitalu na aina za udongo. Wanawake walirudi nyumbani wakiwa wamechanganyikiwa. Wangari akawaambia waiache elimu ile, watumie akili yao ya shambani. Wamepanda mahindi na maharage tangu utotoni; mbegu ya mti nayo ni mbegu, iko juu ya mti, huanguka na huota.

Wakaanza. Walitumia vyungu vilivyovunjika na makopo makuukuu kuoteshea mbegu, wakaviweka mahali pa juu ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Walichunguza mti gani hutoa mbegu wakati gani, wakafundishana. Kila mche uliopandwa ukashika ulilipiwa ujira mdogo, senti chache tu, na kwa njia hiyo kuhesabu miche iliyo hai kukawa sehemu ya kazi. Wakapewa sifa ya kuwa mabwana misitu wasio na diploma. Mwaka 2004, Wangari alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, shirika lilikuwa limekwisha kupanda miti zaidi ya milioni 30.

Tazama kilichotokea katika lile kopo kuukuu lililowekwa juu. Mtaalamu alikuwa amesema kweli tupu, lakini ukweli wake haukuwa na mahali pa kukaa katika maisha ya msikilizaji. Mahali hapo pa kukaa palikuwa maharage. Leo tunayo maneno mazuri ya Kiswahili: bioanuwai, mfumo ikolojia, mabadiliko ya tabianchi, ustahimilivu. Tunayahitaji darasani na kwenye sera. Ila ukienda nayo pwani ukamkuta mama anarudi na tenga tupu baada ya kushinda mwambani kutafuta pweza, anza na tenga. Muulize mama yake alipata pweza wangapi katika bamvua moja, na yeye anapata wangapi. Akishajibu, mmeshaanza kuzungumzia mfumo ikolojia.

Mdomo unaoaminika

Swali zuri linahitaji mtu wa kuliuliza. Katika vijiji vyetu, kabla watu hawajapima kilichosemwa, hupima aliyesema: ni nani huyu, mtoto wa nani, amekuja kutafuta nini, na jua likichwa atakuwa wapi? Mwanaharakati anayekerwa na maswali hayo hajaielewa kazi yake. Jamii iliyopitiwa na miradi kumi iliyokuja na magari na kuondoka na picha ina haki ya kuuliza.

Kisiwa cha Misali kiko magharibi mwa Pemba. Kimezungukwa na matumbawe na samaki, na wavuvi wa sehemu nyingi za Pemba hukitegemea. Kina pia heshima ya dini. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Walipokosa, akasema kisiwa chenyewe, kilichoelekea kibla, ndicho kitakuwa msala. Ndiyo asili ya jina.

Mwaka 1998 Misali ilifanywa eneo la hifadhi. Kama kwingine katika pwani yetu, tatizo lilikuwa uvuvi wa kuharibu: baruti, sumu, juya na nyavu za matundu madogo zinazozoa hata vifaranga. Makatazo ya serikali yalikuwepo, lakini doria ni chache na bahari ni pana. Waliosimamia mradi, pamoja na wanazuoni wa Kiislamu, wakaamua kulipeleka jambo hili kwa wale ambao wavuvi huwasikiliza kila Ijumaa. Maimamu na walimu wa madrasa walikaa pamoja wakajadili mafundisho ambayo kila Mpemba ameyasikia tangu chuoni: kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi, kwamba neema ni amana, kwamba israfu imekatazwa, kwamba vitu vimeumbwa kwa mizani. Kisha mafundisho hayo yakaelekezwa baharini. Je, anayelipua mwamba ili apate samaki wa siku moja na kuwanyima walio nyuma yake riziki ya miaka ameitunza amana?

Hakuna aya mpya iliyoletwa. Kilicholetwa ni kiungo. Mvuvi aliyeweza kumkwepa askari wa doria alijikuta mbele ya swali ambalo halikwepeki, kwa sababu aliyeliuliza ni mwalimu aliyemsomesha mwanawe, na jibu lake liko kwa Mungu. Sisemi kwamba uvuvi haramu ulikwisha Pemba. Njaa na tamaa bado zina sauti. Lakini katazo lililoonekana la watu wa ofisini lilipata kinywa cha nyumbani, na hilo ni tofauti kubwa.

Unguja nako kuna mfano wa aina yake. Kisiwa cha Chumbe kilitangazwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa maeneo ya jirani. Hawakupewa bunduki. Chombo kikiingia mpakani, mlinzi hukifuata akazungumza na walio ndani: matumbawe ni mazalio, samaki wakizidi ndani hutoka nje, na huko nje ndiko mtego wako ulipo. Anayeyasema hayo amewahi kushika mshipi kwa mkono wake, amewahi kurudi mikono mitupu. Hawezi kuambiwa kwamba hajui tabu ya bahari. Watoto wa shule pia hupelekwa kisiwani, wakavishwa miwani ya kupigia mbizi na kuyaona matumbawe kwa macho yao. Wengi wa watoto wa visiwani, hasa wasichana, walikuwa wamekula samaki maisha yao yote bila kuwahi kuona anakoishi.

Somo ni moja. Kabla ya kuandaa ujumbe, tafuta kinywa. Huenda ni imamu au padri, nahodha mzee, mkunga, kungwi, fundi baiskeli ambaye kibanda chake ndicho baraza la vijana. Mtu huyo asitumiwe kama kipaza sauti cha maneno yako. Mshirikishe tangu mwanzo, mpe nafasi ya kukubishia, na ukubali akibadilisha maneno yako, kwa kuwa anajua yapi yatapenya na yapi yataudhi.

Jicho nalo lina masikio

Yapo mambo ambayo maneno hayayawezi. Taka za plastiki ni mfano. Kila mtu anaziona, na kwa kuwa anaziona kila siku, hazioni tena. Kwa hiyo mwanaharakati hana budi kuzirudisha machoni.

Mwaka 2018 Lamu ilishusha majini jahazi dogo la urefu wa mita zipatazo 9, lenye tanga kama majahazi yote, lakini bila mbao. Lilijengwa kwa plastiki iliyookotwa, takriban tani 10, na ubavuni lilivikwa vipande vya ndala zipatazo 30,000 zilizokusanywa ufukweni na mitaani. Liliitwa Flipflopi, na mjenzi wake mkuu alikuwa fundi Ali Skanda, mtu wa Lamu anayeijua kazi ya majahazi. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kilomita zipatazo 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga njiani na kufanya mikutano na watu. Mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria.

Fikiria mtoto wa pwani amesimama maji yakimfika magotini, akiligusa lile jahazi kwa kiganja. Anaona rangi nyekundu, buluu, kijani, manjano. Akikaza macho anaona tundu la kamba ya ndala, kisigino kilicholika upande mmoja. Ni ndala kama aliyovaa jana, kama ile iliyochukuliwa na maji mwaka uliopita na hakuna aliyehangaika kuitafuta. Maswali yanaanza yenyewe: zimetoka wapi zote hizi? Kwa nini hazikuoza? Kama zinaweza kuwa chombo, kwa nini tunazitupa? Hakuna bango lingeyaibua maswali hayo, na fundi aliyelijenga anamjibu kwa lugha ya kwao, kwa istilahi za mkuku na mataruma ambazo babu yake alizitumia.

Kitu cha kuonekana si lazima kiwe cha ajabu. Katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, wenyeji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na kaboni inayohifadhiwa na msitu huo huuzwa kwa mashirika na watu wa nje wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Hebu jaribu kumweleza jirani yako biashara hiyo. Hewa ukaa haionekani, haishikiki, haina harufu, na mnunuzi yuko ng'ambo. Watu wana haki ya kushuku biashara ya hewa. Lakini mapato yametumika kuleta maji karibu na kusaidia shule. Mama anayefungua bomba akajaza ndoo ana ushahidi mkononi kwamba mkoko uliosimama una thamani kuliko nguzo iliyokatwa. Bomba lile linahubiri kila siku, na linahubiri kwa watu wote, waliohudhuria mkutano na wasiohudhuria.

Kuwasemea na kuwasemesha

Kuelimisha jamii hakuishii kijijini. Mara nyingi anayeharibu zaidi si mama mwenye shoka bali mwenye kibali na tingatinga, na hapo mwanaharakati huandika.

Mwaka 1989 Wangari alisikia kuna mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyo katikati ya Nairobi. Aliandika barua, moja baada ya nyingine, kwa wakubwa wa serikali, wa jiji na wa mashirika ya kimataifa, na habari zikafika magazetini. Aliilinganisha bustani ile na Hyde Park ya London na Central Park ya New York: je, huko wangekubali? Alitukanwa bungeni, akaambiwa na mkuu wa nchi kwamba mwanamke wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Lakini wananchi wa Nairobi walikuwa wamemwelewa. Uhuru Park ndipo familia isiyo na pesa ya hoteli hukaa kwenye majani Jumapili, watoto wakacheza. Hilo lilihitaji tu mtu wa kulisema kwa sauti. Mpango uliachwa, na bustani ipo mpaka leo.

Miaka thelathini baadaye, Lamu ikatoa funzo jingine. Kulikuwa na mpango wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi. Wanaharakati wa Save Lamu na wenzao walizunguka wakieleza maana ya makaa ya mawe kwa mvuvi, kwa mkulima na kwa mji wa kale ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Kisha wakaenda mbele ya jopo la rufaa la mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo lilifuta leseni ya mradi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kuhusu ripoti ya tathmini ya athari za mazingira.

Uzingatie uamuzi huo. Kumweleza mwananchi jambo akalielewa, akauliza, akajibiwa, haikuchukuliwa kuwa hisani ya mwenye mradi. Ilikuwa sharti la sheria, na kwa kukosekana kwake mradi mkubwa ulisimama. Basi wanaharakati nao wajipime kwa kipimo hichohicho. Tukidai kampuni iwashirikishe watu, na sisi tusiwaite watu kuwasikilizisha hotuba tuliyoiandika mjini, tukawasainisha karatasi ya mahudhurio, tukaita huo uhamasishaji.

Saa ya mkutano na baada ya mkutano

Mambo madogo ndiyo huangusha kazi kubwa. Mkutano wa wavuvi hauitishwi kwa kutazama saa ya ofisi. Hutazamwa kupwa na kujaa kwa maji. Mkutano wa saa nne asubuhi katika bamvua utawapata viongozi na wazee, na wanawake wote watakuwa mwambani. Wakihudhuria, waangalie wamekaa wapi: wakiwa nyuma, kimya, panga mkutano wao peke yao. Redio ya jamii, kama ile ya Micheweni huko Pemba, humfikia mtu akiwa jikoni au anashona nyavu, na humruhusu apige simu aulize kwa lafudhi yake. Makundi ya simu ni mazuri kwa vijana, ila mzee asiye na simu janja asisahauliwe. Na usimjaze mtu hofu ukamwacha nayo. Ukimwambia bahari inakufa, ukaondoka bila kumwachia la kufanya, atakata tamaa au ataharakisha kuvua kilichobaki.

La mwisho ni kurudi. Wanawake wa Green Belt Movement walihesabu miche iliyoshika, hawakuhesabu mashimo yaliyochimbwa. Nawe rudi baada ya miezi mitatu, baada ya mwaka, ukae mkekani uulize: kipi kilishika, kipi kilikufa, na mimi nilikosea wapi? Jamii humwamini anayerudi kuliko anayesema vizuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una bango la kuchapisha wiki hii, lisubirishe kidogo. Nenda kwanza kwa watu uliowakusudia, ukiwa na maswali matatu ya semina ile: mnasumbuliwa na nini, yametoka wapi, na sisi wenyewe je? Andika majibu kwa maneno yao. Ukirudi, huenda ukagundua kwamba bango halihitajiki, au kwamba maneno yake wamekwisha kukuandikia.

Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameomba asizikwe kwa jeneza la mbao. Wakenya waliofuata msafara wa mazishi yake ya kitaifa waliliona jeneza lililotengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.